Fanicha za maboksi kwa sisi wa chumba na sebule Dar: zinazohimili na zinazokufa masika

Mpangaji wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nawaletea wenzangu tunaopanga chumba na sebule, chumba kimoja cha masta, au vile vifleti vya ghorofani ambavyo kochi la watu watatu likishaingia mlango haufunguki wote. Nataka tuongee fanicha za karatasi. Namaanisha karatasi ngumu ya maboksi, yenye mawimbi katikati, pamoja na paipu za karatasi zinazotoka ndani ya majora ya vitambaa. Nyumbani kwangu kuna stuli, shelfu, meza ndogo ya kuandikia na sehemu ya viatu, vyote vya maboksi, na masika imevikuta na kuviacha.

Msimamo wangu nautanguliza ili anayepinga ajue pa kushika. Kwa Dar fanicha ya boksi inafaa, tena inafaa sana, kwa vitu vinavyobeba uzito unaoshuka wima, kwenye chumba kinachopitisha hewa, na ikiwa imeinuliwa kutoka sakafuni. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, baki na mbao.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wetu humu ni wapangaji, na mpangaji anahama. Kodi inapanda, mwenye nyumba anataka chumba kwa ajili ya mwanawe, kazi imehamia Bunju. Kila ukihama kuna kirikuu ya kulipa na vijana wa kubeba, na kabati la mninga halikati kona ya ngazi mpaka lifunguliwe. Wengi tunaishia kwenye makabati ya MDF na chipubodi (mbao za unga na chembe zilizogandishwa kwa gundi) ambayo ukiyafungua mara ya pili skrubu hazishiki tena, na maji yakigusa ukingo yanaumuka na hayarudi. Anayesema boksi halipendi maji anasema kweli. Hilo kabati anamoweka nguo zake nalo haliyapendi.

Mbao nzuri nayo ina gharama yake huko msituni. Mninga hukua taratibu kwenye miombo, unachukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Wakati huohuo Kariakoo kila jioni maboksi yanarundikwa nje ya maduka. Baadhi yanakusanywa na kuuzwa kwa kilo, mengine yananyeshewa na kuishia mtaroni au dampo la Pugu. Karatasi hiyo mti wake umeshakatwa. Nikiitumia miaka kadhaa kabla haijaenda kuchakatwa, sijaomba mti mwingine.

Nguvu ya boksi inatoka kwenye mawimbi. Karatasi mbili bapa zimeshikwa na ya tatu iliyokunjwa, na kila wimbi likisimama wima linafanya kazi ya nguzo. Lilaze, linakunjika kwa kidole. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea na kuhukumu boksi zima kuwa dhaifu. Boksi la kawaida la dukani lina tabaka 3. La friji, pikipiki au televisheni kubwa mara nyingi lina 5, na hilo ndilo la kutafuta. Maboksi ya tofaa nayo ni imara, maana yametengenezwa kukaa kwenye baridi na kupangwa juu kwa juu safari nzima.

Jambo hili wala si la jana. Msanifu majengo Frank Gehry alitengeneza Marekani, kati ya 1969 na 1973, seti ya fanicha za maboksi aliyoiita Easy Edges. Alichofanya ni kugundisha tabaka nyingi, mawimbi ya tabaka moja yakikatiza ya tabaka la pili, mpaka akapata bamba linalokatwa kwa msumeno. Kiti chake cha 1972 chenye mgongo wa kupindapinda, Wiggle, kinatengenezwa na kampuni ya Vitra mpaka leo. Na kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, wanamichezo walilala kwenye vitanda 18,000 vya karatasi ngumu, kila kimoja kikiwa kimepimwa kubeba kilo 200. Paris 2024 nao wakatumia vitanda vya aina hiyo. Wanyanyua vyuma walilala humo.

Lakini Tokyo mashindano yanaisha na wageni wanaondoka. Sisi tunakaa. Hewa ya Dar asubuhi ya Aprili ina unyevu mwingi mno, na karatasi inaunywa. Boksi lililokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 90 hubaki na takriban nusu ya nguvu liliyokuwa nayo kwenye asilimia 50. Kwa hiyo mimi napima kila kitu mara mbili ya ninachohitaji. Kama shelfu itabeba kilo 20, naijenga ya 40 au zaidi, ili masika ikila nusu, shelfu ibaki imesimama.

Kuna na jambo la pili ambalo sijaona likizungumzwa: kulegea. Boksi linaweza kubeba mtu mzima akikaa nusu saa na lisionyeshe chochote, kisha likazama polepole chini ya vitabu vyepesi kuliko mtu huyo, kwa sababu vitabu havinyanyuki. Unyevu ukipanda usiku na kushuka mchana, kuzama kunaongezeka kasi. Ndiyo maana stuli ya boksi ni rahisi kuliko shelfu ya vitabu, hata kama macho yanasema kinyume. Shelfu zangu hazina uwazi unaozidi sentimita 35 kati ya ukuta mmoja na mwingine, na vitabu vizito vyote viko chini.

La tatu ni deki. Nyumba zetu zina vigae na tunadeki kila siku. Mop ikipita inaloanisha sentimita chache za chini za kila kitu, na boksi linavuta maji kupanda juu. Fanicha ya boksi Dar inafia miguuni. Vyangu vyote vina vipande vya mbao ya paina chini, urefu wa vidole vitatu hivi, vimegundishwa na kupakwa rangi ya mafuta. Siweki kitu kimegusa ukuta wa nje; naacha nafasi ya kupitisha kiganja ili hewa izunguke.

Karibuni. Nitafurahi zaidi nikipata mafundi na wanaokaa karibu na bahari.

---

Kijana wa Kimara

Mkuu uzi umeshiba. Mimi nina kilo 94, je stuli ya boksi nakaa au naangalia tu? Na kitanda cha 5 kwa 6, unashauri?

---

Mpangaji wa Tabata

Stuli unakaa bila wasiwasi. Yangu ndani ina gridi: vipande 4 vya kwenda na 4 vya kurudi, vya boksi la tabaka 5, vimechanwa mpaka nusu ya kimo na kuingizwa kila kimoja ndani ya mwenzake, mawimbi yote yakiwa wima. Juu kuna tabaka 4 zilizogundishwa kwa kukatizana. Wakati wa kuijaribu alisimama juu yake jirani ambaye ni mkubwa kuliko wewe.

Kitanda mimi sikushauri, na nasema hivyo nikiwa naipenda sana fanicha hii. Godoro linatoa joto na jasho usiku kucha, hewa chini ya kitanda haitembei, na kunguni hupenda sana nafasi nyembamba za boksi. Kitanda nunua cha mbao au chuma. Okoa pesa kwenye vingine.

---

FundiKeko

Habari zenu. Mimi ni seremala, banda letu lipo Keko, na nimesoma mpaka mwisho.

Nitasema ninachokiona kwa jicho la ufundi. Boksi halishiki skrubu. Halishiki bawaba. Kwa hiyo kabati lenye milango, droo inayovutwa kila siku, au kiti cha kuegemea nyuma, hapo boksi peke yake litakusumbua. Kuegemea kunasukuma kwa pembeni, na boksi nguvu yake ni ya wima kama alivyosema mleta uzi.

Ila nisiwe mchoyo. Ile milango myepesi ya vyumbani ambayo mnaigonga inalia kama ngoma, nimeifungua mingi. Ndani kuna karatasi iliyosukwa kama sega la nyuki, na pembezoni fremu ya mbao. Meza nyepesi ya kampuni ya fanicha ya IKEA inayoitwa Lack imejengwa kwa mtindo huohuo: juu karatasi ya mbao nyembamba, ndani sega la karatasi. Mnazinunua na kuzitumia mkidhani mna mbao tupu.

Ushauri wangu kwa anayetaka kitu cha kudumu: fremu ya paina ya inchi 1 kwa 2, kona zishikwe na mbao, halafu kuta na vishubaka viwe vya boksi lililogundishwa. Skrubu zinaingia kwenye mbao, boksi linabeba kwa chini. Kabati la hivyo mtu mmoja ananyanyua. Mbao inayotumika ni kidogo sana ukilinganisha na kabati zima.

Sasa swali langu kwako ndugu mleta uzi: mchwa? Maana Dar mchwa anakula mkongo uliokauka, sembuse karatasi.

---

Mpangaji wa Tabata

Fundi shikamoo, kama umri unaruhusu. Ulichosema cha fremu nakichukua kizima. Meza yangu ya kuandikia ipo hivyo: miguu ya paina, juu bamba la boksi tabaka 6 lililofunikwa plaiwudi nyembamba.

Mchwa. Msanifu wa Kijapani Shigeru Ban, aliyepata tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker 2014, anajenga kwa paipu za karatasi. Baada ya vita vya Rwanda wakimbizi walikuwa wanakata miti kwa ajili ya nguzo za vibanda. Wakapewa nguzo za aluminiamu, zikauzwa, miti ikaendelea kukatwa. Ban akapendekeza paipu za karatasi, na mwaka 1999 vikajengwa vibanda 50 vya majaribio kule Byumba, Rwanda, pamoja na shirika la wakimbizi la UNHCR. Moja ya mambo yaliyokuwa yanapimwa lilikuwa mchwa. Kwa hiyo hofu yako ni halali na hata wakubwa wameiangalia.

Kwa vitendo: mchwa wa ardhini anataka njia ya udongo yenye unyevunyevu kutoka chini. Fanicha iliyoinuliwa na isiyogusa ukuta anaifikia kwa shida, na akijenga njia utaiona. Ghorofani hatari inapungua. Kama unapanga nyumba ya chini ya zamani ambayo fremu za milango zimeshaliwa, usiingize boksi humo. Nalisema wazi ili asije mtu akasema hakuambiwa.

---

mama_wawili

Asante kwa uzi. Mimi kinachonitisha ni mende kuliko mchwa. Maboksi tuliyohamia nayo tu yalituletea mende nyumba nzima. Halafu nina watoto wadogo, mmoja anamwaga uji kila asubuhi. Natamani meza ndogo ya wao kuchorea, kwa sababu ile ya plastiki imeshavunjika miguu na haina pa kwenda.

---

Mzee Kigamboni

Mama wawili, hapo kwenye mende nakusaidia. Mende hulifuata boksi kwa mambo mawili: maficho na gundi. Gundi ya boksi ni wanga, na wanga ni chakula. Boksi lililobeba chakula, mafuta au sabuni liache. Chukua la vifaa vya umeme au pikipiki, lichane lifunguke lote, lianike jua kali pande zote mbili mpaka likauke kabisa ndipo uliingize ndani. Maganda ya mayai ya mende yanakaa kwenye mikunjo ya chini, kata sehemu hizo utupe.

Halafu ziba kingo. Boksi lililokatwa linaacha midomo ya mawimbi wazi, na kila mdomo ni nyumba. Kata vipande vya karatasi ya khaki upana wa vidole vinne, pakaa gundi, funika kingo zote. Fanicha ikishazibwa hivyo mdudu hapati pa kuingilia kirahisi.

Mimi gundi napika mwenyewe kwa wanga wa muhogo, unachemsha na maji hadi iwe nzito na ing'ae. Nachanganya boraksi, ule unga mweupe wa madini, kwa sababu muhogo mtupu ungekuwa unamwandalia mende karamu. Boraksi inaua wadudu wanaoila, inazuia kuvu, na inapunguza kasi ya karatasi kushika moto. Vaa glavu, na sufuria hiyo isirudi jikoni tena. Kama kuna watoto wanaotia vitu mdomoni, tumia gundi nyeupe ya mbao badala yake, usiweke boraksi kabisa.

Nikiwa huku karibu na bahari naongeza jambo kwa mleta uzi. Huku Kigamboni unyevu si wa masika tu. Upepo wa kusi unaleta ukungu wa chumvi, na chumvi ikikaa kwenye karatasi inavuta maji hewani hata siku kavu. Hapa bila vanishi fanicha ya boksi inalegea. Ukishatoka ufukweni kilomita kadhaa hali inakuwa nyingine. Kwa hiyo alichofanikiwa mtu wa Tabata asikichukue mtu wa hapa bila kuongeza kinga.

---

BintiPwani

Nipo duka la vitambaa Kariakoo. Zile paipu za ndani ya majora tunazo kila siku, na kwa kweli nyingi zinatupwa au zinachukuliwa na wanaokusanya karatasi. Za mapazia na za makochi ndizo nene, ukuta wake unakaribia unene wa kidole kidogo. Za vitambaa vyepesi ni nyembamba, hizo za kuning'inizia nguo tu. Mazulia ndiyo yana paipu kubwa na ndefu zaidi.

Mkija kuomba, njooni jioni wakati wa kupanga mzigo, msije asubuhi wateja wamejaa. Salimieni, ombeni vizuri, mtapewa. Vijana wa maboksi nao waheshimuni, ile ni riziki yao. Ukichukua boksi kubwa mlangoni kwa mtu bila kumlipa anayelikusanya, umemnyima chakula cha siku.

Swali: paipu inaunganishwaje na paipu bila skrubu?

---

Mpangaji wa Tabata

Dada, hilo la vijana wa maboksi nilipaswa kulitanguliza mimi. Mimi nanunua kwao. Wananiwekea ya tabaka 5 pembeni, na bei yao ni ya juu kidogo kuliko wanayopewa kwa kilo, tunaridhika wote.

Paipu inatobolewa upande hadi upande kwa msumeno wa kuzungusha, halafu unapitisha mti wa ufagio au paipu nyembamba katikati na kufunga kwa kamba ya katani au mpira wa baiskeli. Kamba inashika vizuri kuliko skrubu kwa sababu inagawa uzito mzingo mzima. Shelfu yangu ya viatu ni rahisi zaidi: paipu nene zimekatwa urefu wa sentimita 32, zimelazwa na kupangwa kwa pembe, zikagundishwa ubavu kwa ubavu. Kila tundu kiatu kimoja. Kiatu kilicholowa kinasubiri nje kwanza.

Mama wawili, meza ya watoto inawezekana. Juu funika kwa kitambaa cha meza cha plastiki, kile cha maua, ukikunje mpaka chini na kukibana kwa upande wa ndani bila gundi. Uji ukimwagika unafuta. Kikichoka unabadilisha kitambaa, boksi linabaki safi na linaweza kuuzwa baadaye. Kona zizungushe, watoto hawaumii wakijigonga. Mimi naona hapa ndipo boksi linaishinda mbao waziwazi.

---

Mwalimu wa Sayansi

Nimefurahi kusoma, ila naomba tuwe makini na neno rafiki wa mazingira. Karatasi ikipakwa vanishi ya mafuta tabaka tatu, ikabandikwa plastiki na kumiminiwa gundi, haichakatiki tena. Umechukua kitu ambacho kingerudi kiwandani ukakifanya taka ya kudumu. Nyuzi za karatasi zinaweza kuchakatwa takriban mara 5 mpaka 7 kabla hazijawa fupi mno. Fanicha iliyopakwa vibaya inakatisha mzunguko huo.

Pia historia iangaliwe yote. Miaka ya 1960 mbunifu wa Uingereza Peter Murdoch alitengeneza kiti cha watoto cha karatasi kilichokunjwa, kimepambwa madoa ya duara. Kilikusudiwa kitumike miezi michache kisha kitupwe, na wakati ule hilo lilionekana ni maendeleo. Kitu kuwa cha karatasi hakukifanyi kiwe chema. Inategemea kimetoka wapi, kinakaa muda gani, na kinaishia wapi.

---

Mpangaji wa Tabata

Mwalimu, umegusa penyewe, na hapa nina la kusema kwa kirefu kidogo.

Mimi nimegawa kazi. Sehemu inayoguswa na maji, yaani miguu na sentimita 10 za chini, naikinga kwa nguvu zote: mbao, rangi ya mafuta. Sehemu hiyo naikubali kuwa haitachakatika, na ndiyo maana imetengenezwa ili ing'oke. Juu yake napaka vanishi ya maji nyepesi kingoni tu, na bapa naacha karatasi ya khaki tupu au nafunika kwa kitenge kilichobanwa bila gundi. Gundi natumia michirizi, sijazi bapa lote. Siku ya kuaga, nang'oa miguu, navua kitambaa, navunja gridi, na kilichobaki ni boksi ambalo kijana wa maboksi analipima kwenye mzani wake bila kulikataa.

Kwa anayekaa ufukweni kama Mzee Kigamboni, mizani inabadilika. Huko bila vanishi nzima kitu hakidumu, na kwa vanishi nzima hakichakatiki. Mimi kwa mtu wa ufukweni ningesema achukue mbao chakavu za paleti, ndizo rafiki zaidi wa mazingira kwa pale alipo. Silazimishi boksi kila mahali.

Na sikubaliani na wanaotaka kuagiza fanicha za karatasi kutoka Ulaya kwa sababu zimeandikwa ni za kijani. Karatasi isafiri baharini wiki nyingi, ikiwa imefungwa ndani ya boksi jingine, ije ikae Sinza pembeni ya rundo la maboksi ya bure? Hapana. Mufindi kuna msitu wa kupandwa wa Sao Hill na kiwanda cha karatasi Mgololo, Kariakoo kuna maboksi, Keko kuna mafundi. Tunachohitaji ni michoro na watu wa kujaribu. Tulikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na ndani ya muda mfupi watu walijitengenezea vifungashio vya karatasi na kuviuza. Uwezo upo mtaani.

---

Kijana wa Kimara

Mkuu kuna mtu ataje suala la moto. Sisi tunapika humohumo.

---

FundiKeko

Nitataja mimi maana nimeona nyumba ikiungua.

Anayepikia chumbani asiweke boksi upande wa jiko, liwe la gesi au mkaa. Acha mita moja na nusu angalau, na pasiwepo pazia linalounganisha. Dawa ya mbu ya kuchoma iwekwe juu ya sahani ya bati sakafuni, kamwe isiwekwe juu ya stuli ya boksi hata kwa dakika. Umeme ukikatika, mshumaa ukae kwenye meza ya mbao au kigae. Soketi na ekstensheni zisipitishwe nyuma wala ndani ya shelfu ya boksi.

Tofauti ipo kati ya karatasi moja na bamba nene. Bamba lililogundishwa tabaka nyingi na kuzibwa kingo linachelewa kushika, linafanya makaa juu kwanza kama gogo. Gridi iliyo wazi, yenye hewa ndani, inashika haraka sana. Kwa hiyo kuziba kingo alikosema mzee ni kwa ajili ya moto pia. Lakini mtu asijidanganye, karatasi ni karatasi.

---

mama_wawili

Nimeandika yote kwenye daftari. Nitaanza na meza ya watoto. Naomba vipimo, na nichane upana gani ili vipande viingiliane visilegee?

---

Mpangaji wa Tabata

Kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 kimo cha sentimita 48 kinawatosha, na uso wa sentimita 60 kwa 50. Kata vipande 3 vya urefu wa sentimita 54 na 3 vya sentimita 44, vyote vya kimo cha sentimita 43, mawimbi wima. Inayobaki ya kimo ni unene wa uso na miguu.

Mchano uwe na upana sawa na unene wa boksi lako, usizidi. Boksi la tabaka 5 mara nyingi lina milimita 6 hadi 7, pima la kwako kwa rula kabla hujakata. Kama vipande vinaingia kwa kusukuma kidogo, uko sawa. Kama vinadondoka vyenyewe, mchano ni mpana, tupa kipande hicho ukate kingine. Kina cha mchano ni nusu ya kimo na milimita 2 zaidi. Vile virefu chana kutoka juu, vile vifupi chana kutoka chini. Nafasi ya magoti kata kwa mbele kama upinde kwenye vipande virefu, usipite theluthi ya kimo, na usiguse pale penye mchano.

Tumia kisu cha kukunja chenye wembe mpya na rula ya chuma, watoto wakiwa wamelala. Pitisha wembe mara tatu kwa mkono mwepesi, usikate kwa mara moja, ukibonyeza sana mawimbi yanapondeka na nguvu inaondoka.

Gundi iache ikauke usiku kucha chini ya uzito, ndoo ya maji iliyojaa inatosha, ikae juu ya ubao ili isiache alama. Ukimaliza weka picha hapa, na Fundi Keko akiwa hewani tutamwomba akague miguu.

---

FundiKeko

Nipo. Mama wawili, miguu usinunue, pita bandani Keko jioni, vipande vya paina tunavyo vya kuchomea tu, nitakukatia vinne.